Mtoto ana homa baada ya chanjo: uliza saa ngapi kwanza, dawa baadaye

Wamama wanaouliza kuhusu homa ya chanjo karibu wote wanaanza na swali moja, nimpe dawa gani, na mimi kila mara narudisha swali lingine kwanza: alichomwa lini na joto limeanza saa ngapi? Maana jibu la hapo ndo linaamua kama mtabaki nyumbani mnanyonyesha na kupima pima, au mnatafuta bodaboda sasa hivi. Homa ya chanjo ina ratiba yake, na homa isiyofuata ratiba hiyo usiisingizie chanjo.

Ratiba yenyewe ni hii. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 mtoto anachomwa Penta paja moja na PCV (kinga ya nimonia) paja lingine, anapewa na matone ya polio mdomoni, na Rota (kinga ya kuharisha) kwa tarehe anazopangiwa, wiki ya 14 inaongezeka sindano ya polio. Penta ndo inayoleta homa nyingi, ndani yake kuna kinga ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib (bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo). Joto lake huanza ndani ya saa 24, mara nyingi jioni au usiku wa siku ile ile, na likifika saa 48 limeshaisha. Ya surua na rubela ya miezi 9 (na ya miezi 18) ni tofauti kabisa, joto lake linakuja kati ya siku ya 5 na ya 12, wakati mama ameshasahau kama kulikuwa na kliniki. BCG (ya kifua kikuu) ya kuzaliwa, matone ya polio na Rota ni nadra kuleta homa. Kwa hiyo kadi la kliniki lisikae kwenye sanduku la nguo, liwe mahali unapolifikia usiku.

Kabla ya yote: hizi hazisubiri kusoma

Ukiona moja tu kati ya hizi acha kila kitu, nenda kituo cha afya usiku huo huo hata kama sindano amechomwa asubuhi: hawezi kunyonya kabisa, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, amelegea au haamki vizuri ukimwamsha, anapumua haraka sana au kifua kinabonyea chini ya mbavu kila akivuta pumzi, anakoroma kwa kukamia kama anayebeba mzigo, midomo imekuwa ya bluu, utosi umevimba juu akiwa ametulia halii, ana madoa mekundu au ya zambarau ambayo ukiyabonyeza hayapotei, au mwili umekuwa wa baridi badala ya moto. Mtoto mchanga akiwa na maambukizi makali anaweza kushuka joto badala ya kupanda, chini ya 35.5 ni hatari sawa na homa.

Kuhesabu pumzi mnyanyue nguo uone tumbo, awe ametulia, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka mno. Kuanzia miezi 2 mpaka mwaka mmoja, ni 50 au zaidi.

Na kuna kundi ambalo mimi sina mchezo nalo, mtoto wa wiki 6. Huyu bado hajafika miezi 2, na kwa umri huo homa ya 37.5 kwapani peke yake inahesabiwa dalili ya hatari. Ni kweli huenda ni Penta tu. Lakini watoto wa umri huo wakiwa na maambukizi kwenye damu hawaonyeshi mengi, na wewe nyumbani huna kipimo cha kutofautisha. Kwa hiyo wa wiki 6 akipata homa mpigie nesi aliyemchoma au mpeleke siku hiyo hiyo aonwe, na ikifika 38 usingoje kupambazuke.

Mwili wa moto jioni au usiku wa siku ya sindano

Hili ndo linaloulizwa kuliko yote.

Sababu ya kwanza ni chanjo yenyewe kufanya kazi. Penta tunayotumia huku ina bakteria wa kifaduro waliouawa wakiwa wazima wazima, mwili wa mtoto ukiwaona unatuma taarifa kwenye ubongo na ubongo unapandisha joto. Ndo maana ndugu yako aliyeko Ulaya anaweza kukwambia wa kwake hakuwa na joto hivyo, kule nchi nyingi zinatumia vipande tu vya yule bakteria, homa yake ni ndogo. Haimaanishi ya huku ni mbovu, kinga yake ni nzuri, inakuja na usiku mmoja mgumu tu. Na asipopata homa kabisa napo usiogope kwamba chanjo haikushika, wengi wanapata kinga bila joto lolote.

Sababu ya pili ni nguo, na hii naiona sana. Mtoto katoka kliniki kafunikwa shali, ndani ana sweta, kofia, soksi, alafu kabebwa mgongoni na kanga mbili, jua la Dar la Februari. Ukimgusa ni moto kweli lakini si homa.

Ya tatu ni ugonjwa uliojipenyeza siku ile ile: malaria, mapafu, sikio, mkojo. Hii ni chache siku ya kwanza lakini ipo, haswa kama mtoto aliamka asubuhi tayari hayuko sawa kabla ya kwenda kliniki. Kama joto lilikuwepo kabla ya sindano, basi sindano haihusiki.

Anza na kilicho rahisi. Mvue, abaki na nguo moja nyepesi na nepi, mweke kwenye hewa lakini asipigwe na feni usoni, subiri kama dakika 15 au 20, alafu pima. Mkono wa bibi unajua kwamba kuna moto, haujui kama ni 37.8 au 39.5, na tofauti hiyo ndo inayobadilisha maamuzi. Themometa ya dijitali ya kwapani si ghali, inauzwa duka la dawa lolote, mkaushe kwapa, ncha iguse ngozi isiguse nguo, bana mkono mpaka ilie. Usipime akitoka tu kuoga au kutoka mgongoni. Ile ya kioo yenye zebaki ikivunjika inaleta shida nyingine, kama unaweza iache.

Kwapani 37.5 kwenda juu hiyo ni homa. Mikono na miguu ya baridi huku tumbo na shingo ni moto ni kawaida homa inapopanda, usimfunike mablanketi kwa sababu vidole ni vya baridi.

Baada ya kupima ni ziwa. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida, hata kama ananyonya kidogo kidogo na kuachia. Chini ya miezi 6 maziwa ya mama ndo maji yake, hahitaji maji ya glukosi, hahitaji juisi, wala maji ya mchele. Asali usimguse nayo kabla ya mwaka mmoja hata ncha ya kidole, inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto mchanga. Anayekunywa maziwa ya kopo mpe kama kawaida, usiyazimue.

Kama ameshatimiza miezi 2 na ana 37.8 lakini ananyonya, anakojoa, anakuangalia, muache. Homa ndogo haina haja ya dawa. Dawa tunampa mtoto anayeteseka, anayelia kwa maumivu, asiyelala, au joto limefika kama 38.5. Kabla sijasahau, usimpe dawa asubuhi kabla ya kwenda kliniki "ili asipate homa". Kuna utafiti uliofanywa Ulaya ulioonyesha watoto waliopewa parasetamoli mapema kabla homa haijaja walitengeneza kinga kidogo kwa baadhi ya chanjo, na WHO haishauri kuitoa kabla ya sindano. Shangazi aliyeko Uingereza atakwambia kule wao wanaambiwa watoe, na hadanganyi, kule kuna chanjo ya MenB (ya homa ya uti wa mgongo) inayoleta homa kali na ushauri wao ni wa chanjo ile. Ratiba ya Tanzania na Kenya haina MenB, kwa hiyo usichukue dozi za kule ukazileta kwenye Penta ya huku.

Dawa ni parasetamoli ya maji peke yake. Kipimo kinafuata uzito, si umri na si ukubwa wa kilio: mg 10 mpaka 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 ndani ya saa 24, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4, mimi nawaambia saa 6 kwa sababu ni rahisi kukumbuka ukiwa na usingizi. Uzito uko kwenye kadi, alipimwa leo hii hii. Chupa nyingi zimeandikwa mg 120 kwa ml 5, kwa chupa hiyo mtoto wa kilo 5 anapata ml 2.5, na wa kilo 6 anapata ml 3. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2 usianze mwenyewe, subiri nesi au daktari akwambie umpe na akutajie kiasi. Na wa chini ya miezi 3 joto likifika 38, hata kama unampa dawa, mjulishe mtu wa afya, usibaki nalo peke yako.

Kinachoumiza watoto ni chupa kutofanana. Ipo ya mg 125 kwa ml 5, hiyo haina shida sana. Ipo ya mg 250 kwa ml 5, ambayo ni nzito mara mbili. Alafu kuna ya matone, kichupa kidogo chenye kidondosheo, mg 100 ndani ya ml 1 tu. Ukichukua ml 2.5 uliyozoea ukaitoa kwenye kile kichupa kidogo umempa mtoto mg 250 badala ya 60, ini lake linaumia na wewe huoni kitu siku hiyo. Soma karatasi ya chupa kila mara, hata kama ni chupa ya jirani aliyekuletea kwa upendo. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya nyumbani havilingani. Tikisa chupa kwanza. Mpe pembeni ya shavu kidogo kidogo akiwa ameinuka, usimwagie kooni.

Panadol ya watu wazima kuivunja robo, hapana. Robo ya kidonge cha mg 500 ni mg 125, kwa mtoto wa kilo 4 hiyo imepita kipimo mara mbili, na hakuna mtu anayevunja robo sawasawa, na kama ni ile yenye kafeini ni mbaya zaidi. Aspirini hapana kabisa. Diklofenaki, na vile vidonge vilivyochanganya diklofenaki na parasetamoli, hapana. Ibuprofeni kwa wa chini ya miezi 6 mpaka daktari aseme. Septrin na amoksilini hazishushi homa ya chanjo, na dawa mseto ya malaria haitolewi bila kipimo.

Kumkanda kwa maji? Nyumba nyingi ndo kitu cha kwanza. Si lazima, na hakutibu homa, ila kama bibi amesimama na beseni basi maji yawe ya uvuguvugu na ukiona mtoto anatetemeka acha palepale. Maji ya baridi, barafu, spiriti, hapana, yanambana ngozi anazidi kuchemka ndani, na spiriti inaingia mwilini kupitia ngozi. Kumkatalia mama mkwe si rahisi, najua, we sema tu "Mama, naomba tumpunguze hii shuka nesi amesema apumue kwanza tumpime", mara nyingi wanakubali ukimtaja nesi.

Nimempa dawa na joto halishuki

Mara nyingi hajasubiri. Parasetamoli inahitaji nusu saa mpaka saa nzima ndo uone kitu, na kazi yake ni kushusha, si kufuta. Kutoka 39 kuja 38.1 na mtoto akaanza kunyonya, hiyo dawa imefanya kazi, usidai ifike 36.5.

Ya pili, dozi ilikuwa ndogo. Mtu kaogopa katoa ml 1, au kafuata kipimo cha wiki ya 6 wakati mtoto sasa ana wiki 14 na kilo zimeongezeka. Rudi kwenye uzito, rekebisha kwenye dozi inayofuata, usiongezee juu ya ile uliyotoa sasa hivi.

Ya tatu, aliitapika. Kama imetoka yote palepale na umeiona, ndani ya nusu saa, unaweza kurudia mara moja. Ikishapita nusu saa usirudie, subiri saa ya dozi nyingine. Na akitapika kila unachompa, hilo si suala la dawa tena, ni la kwenda hospitali.

Ya nne bado kafunikwa, nenda kamwangalie kabla ya kuendelea kusoma.

Kilicho nadra lakini kizito ni kwamba homa ina sababu nyingine. Joto la 39 na zaidi ambalo halitikisiki baada ya dozi iliyopimwa vizuri, au mtoto bado amenyong'onyea hata joto likishuka, huyo aonwe. Mtoto mwenye homa ya chanjo dawa ikikolea anachangamka kidogo, anakutafuta kwa macho, anataka ziwa, na hicho mimi nakiangalia kuliko namba.

Hapa ndo watu wanaongeza dawa ya pili na wanapotea. Dawa nyingi za mafua na kikohozi za watoto zina parasetamoli ndani yake, ya kuweka njia ya haja kubwa nayo ni parasetamoli ile ile. Ukichanganya umempa dozi mbili. Andika kwenye karatasi saa uliyompa na ml ngapi, maana usiku baba anaamka anampa tena hajui wewe ulishampa. Ukigundua amezidishiwa usisubiri dalili, mpeleke na chupa yenyewe mkononi.

Homa imeanza siku ya tatu, au iliisha ikarudi

Hapa mimi natoa chanjo kwenye orodha. Imeshapita saa 48, Penta imemaliza shughuli zake. Kinachobaki, kwa maeneo yetu mengi, ni malaria kwanza, alafu mafua na mapafu, sikio, mkojo. Mkojo unasahaulika sana kwa sababu mtoto hana kikohozi wala mafua, ana homa tu, na hawezi kusema anachomwa akikojoa.

Mwangalie kwa utulivu: pua, kikohozi, pumzi uzihesabu, masikio kama anayavuta vuta au yanatoa usaha, ngozi mwili mzima mpaka mikunjo, kwa mdogo kitovu kama kina wekundu au usaha. Alafu nenda kapimwe. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu na dakika 15 au 20, zahanati nyingi wanacho. Usinunue mseto dukani kwa kukisia, watoto wa chini ya kilo 5 matibabu yao yanaamuliwa na mtu aliyesomea. Na mtoto anayelala ndani ya chandarua naye apimwe, chandarua kinapunguza malaria sana, hakikufanyi uruke kipimo.

Wiki moja baada ya chanjo ya miezi 9: joto na vipele

Kama ni kati ya siku ya 5 na ya 12 baada ya sindano ya surua na rubela, joto linalokaa siku moja mbili na vipele vyepesi ni jambo linalojulikana, virusi vilivyodhoofishwa kwenye chanjo ndo wakati vinapofundisha mwili. Vipele hivyo havihitaji dawa ya kupaka, na huna haja ya kumtenga na wenzake. Parasetamoli kwa uzito kama anateseka, vyakula na ziwa kama kawaida.

Lakini miezi 9 ndo umri ambao malaria inapiga, na kuharisha, na kifua. Kwa hiyo hata kama tarehe inalingana, kwa anayeishi kwenye malaria mimi nashauri kapimwe tu.

Na ndo umri wa meno. Atatokea mtu atafungua mdomo wa mtoto, ataona uvimbe mweupe kwenye ufizi aseme homa hii ni meno ya plastiki yang'olewe, au kimeo kikatwe. Naomba sana, hapa simama. Ule uvimbe ni jino la kawaida linalotaka kutoka, na kinachong'olewa ni mbegu ya jino lake. Watoto wanaletwa wamevuja damu, wana vidonda vimeoza mdomoni, na ugonjwa uliokuwa ukileta homa bado uko palepale haujatibiwa. Hakuna homa inayotibiwa kwa kung'oa wala kukata.

Paja limevimba, akiguswa analia

Karibu kila mara ni sindano yenyewe. Wekundu, ugumu, maumivu ya siku moja mpaka tatu, mara nyingi zaidi upande wa Penta. Weka kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi kwa dakika chache, mbebe bila kulibana paja, nepi isikaze. Kitu kinachowatisha wengi ni kijifundo kigumu kinachobaki wiki kadhaa baada ya maumivu kuisha, kama hakiumi na hakikui kitayeyuka chenyewe.

Usilisugue, usilikande na maji ya moto, usipake Vicks, dawa ya meno, mafuta ya taa wala majani yaliyotwangwa. Ngozi ina tundu la sindano, unapeleka uchafu ndani.

Si kawaida kama baada ya siku ya tatu uvimbe ndo unazidi, ngozi inang'aa na ni moto, wekundu unatambaa kwenda goti au kinena, panalainika katikati kama pana usaha, au hachezeshi mguu kabisa. Hilo ni jipu au maambukizi, linapasuliwa na kutibiwa kituoni, wewe usilikamue.

Ya BCG iko mkononi, Tanzania bega la kulia, Kenya mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Ile inatoa kipele chenye usaha kidogo wiki kadhaa baada ya kuchomwa, inakauka, inaacha kovu. Acha wazi, usifunge, usipake kitu. Mpeleke kama tezi za kwapa zimevimba kubwa au kidonda hakikauki kwa miezi.

Analia hanyamazi

Kulia kwa maumivu jioni ya sindano ni kawaida, mara nyingi ananyamaza akibebwa kifuani ngozi kwa ngozi, akinyonya, au dawa ikikolea. Angalia na vidogo: nepi chafu, njaa, uzi wa soksi uliojizungusha kidole, mkao unaobana paja.

Kilio cha mfululizo cha zaidi ya saa 3, au sauti kali isiyo ya kawaida yake, kinaweza kutokana na ile sehemu ya kifaduro kwenye Penta, kwa kawaida kinaisha chenyewe, ila kikifika hapo aonwe na kiandikwe kwenye kadi. Na kuna kilio kimoja nataka ukijue: kinakuja kwa vipindi, anakunja magoti tumboni, anatulia amepauka, kinarudi tena, na kutapika au damu kwenye choo. Huyo anaweza kuwa utumbo umejiingiza ndani ya utumbo. Ni nadra mno, inatajwa kwenye siku 7 za kwanza baada ya Rota na inatokea hata bila chanjo, lakini ni hospitali yenye upasuaji, haraka, usimpe gripe water ukasubiri. Choo kulainika kidogo tu baada ya Rota huku anacheka na kunyonya, hicho kiache, nawa mikono vizuri ukimbadilisha.

Analala sana

Wengi wanalala zaidi siku ya chanjo. Mwamshe wakati wa kunyonya, akiamka akanyonya akakuangalia muache alale. Asipoamka vizuri, au akawa mlegevu ghafla kama kitambaa, amepauka, haitiki ukimwita, hata kama imepita baada ya dakika chache, mpeleke. Kuna hali hiyo ya nadra baada ya Penta ndani ya saa 48, watoto wanapona, lakini si wewe wa kuamua ukiwa chumbani kwamba ndiyo hiyo.

Degedege

Mlaze ubavu chini, mahali laini, ondoa vitu vya kugonga kichwa, legeza nguo, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimpe dawa wala maji, usimwagie maji. Mafuta ya taa, kitunguu, moshi wa kinyesi cha tembo, kuchanja chale, vyote vinakula muda. Ikiisha au isipoisha, nenda. Ikipita dakika 5 ni dharura kubwa zaidi, iteni gari, msitembee. Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 anaweza kupata degedege kwa homa tu na ikapita bila kuacha madhara, lakini kwa wa wiki 6, 10 au 14 haihesabiwi kitu cha kawaida hata siku moja.

Pwani bado wapo wanaoamini kwamba mwenye degedege akichomwa sindano hospitali atakufa, kwa hiyo anapelekwa kwanza kwa mganga. Nawaheshimu wazee wetu, ila nawaambia wazi, aliyekufa hospitali mara nyingi alifika amechelewa, na malaria ya kichwani na homa ya uti wa mgongo zinatibika kwa hizo hizo sindano akiwahi.

Je, chanjo ijayo aende?

Aende. Homa, paja kuvimba, kulia, hakuna hata kimoja kinachofuta dozi inayofuata, na dozi moja ya Penta haitoshi kumkinga na kifaduro, ambacho kinaua zaidi watoto wa umri huo huo. Mafua madogo nayo hayazuii. Ila siku hiyo kabla hajavuliwa mwambie nesi kilichotokea mara ya mwisho, joto lilifika ngapi, lilianza saa ngapi, lilikaa muda gani. Kama alipata degedege, alilegea, alilia zaidi ya saa 3, au alivimba uso na kupumua kwa shida muda mfupi baada ya sindano, sema hilo kabla ya yote, kuna uamuzi wa kufanywa na wenye utaalamu kuhusu sehemu ya kifaduro au chanjo nzima. Na mkishachomwa kaeni kituoni nusu saa hata kama bodaboda amefika nje anapiga honi, mzio mkali unaokuja baada ya sindano mara nyingi unakuja katika dakika hizo, na dawa yake wanayo mle ndani.